Nimewauliza wanafunzi wangu kama ni watu wema. Karibu wote wamesema ndiyo. Sasa nani anadesa?

#1 MwalimuWaZamu
Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Uraia shule ya kata huku Morogoro vijijini, kidato cha pili na cha tatu. Wiki iliyopita niliwapa kidato cha tatu karatasi, nikawaambia wasiandike jina. Swali lilikuwa moja: Je, wewe ni mtu mwema? Toa tukio moja la kuthibitisha.

Karibu darasa zima wamejibu ndiyo. Uthibitisho wao ndio ulionishika. Wengi wameandika kuhusu mama: kumchotea maji, kumuuguza, kumpelekea hela ya kibarua. Wanaofuata wameandika kuhusu rafiki: "nilimgawia nusu ya andazi langu", "nilikubali kuchapwa kuliko kumtaja". Mmoja kaandika, "Mimi ni mwema ila nyumbani hawajui." Mwingine, "Sijajua bado." Hakuna aliyegusa mtihani, uongo, wala sheria za shule.

Siku mbili baadaye nikatoa jaribio. Madesa (vikaratasi vya kuibia majibu) niliyokusanya yangetosha kuwashia jiko. Na hati za mle ndani ni zilezile za watu wema wangu.

Naomba mnisaidie. Hawa watoto wanajidanganya, wananidanganya mimi, au wana kipimo kingine cha wema ambacho sisi watu wazima hatukioni?

#2 Chalinze_Boy
Nimekaa siti ya mbele, konda asinisumbue.

#3 Kidampa
Mwalimu, ungetuuliza sisi humu ungepata jibu hilohilo. Niambie ni nani ukimkuta bar ukamuuliza "wewe ni mtu mwema" atasema hapana. Jamaa anauza mafuta yaliyochakachuliwa na Jumapili anapanda mbele kutoa shukrani. Watoto wameiga.

#4 Mama_Wawili_Kimara
Ninaye wa miaka 15 ndani. Mwezi uliopita alirudi pekupeku. Viatu kampa mwenzake ambaye vyake vilikatika soli na kesho yake ana mashindano ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Nilitaka kulia kwa furaha. Wiki hiyohiyo nikagundua hela ya tuisheni inaishia kwenye kubeti, na mkeka wake hata haushindi.

Nikamuuliza, "Wewe ni mtu wa aina gani?" Akanijibu bila kupepesa: "Mama, mimi sijamwibia mtu." Kwake ile hela ilishakuwa yake tangu nilipomkabidhi. Viatu navyo vilikuwa vyake. Kwa hiyo kwenye vitabu vyake hesabu inakaa sawa.

#5 Mzee_Kibatari
Swali hili si geni. Huko Marekani miaka ya 1920, Hugh Hartshorne na Mark May waliwapima watoto zaidi ya 10,000. Waliwawekea mitego: mtihani ambao mtoto anaweza kujisahihishia, michezo ambayo anaweza kudanganya alama, hela ambayo angeweza kubaki nayo. Wakatoa matokeo kati ya 1928 na 1930. Walichokiona ni kwamba mtoto anayedanganya kwenye hesabu si lazima adanganye kwenye mchezo, na kujua lipi jema lipi baya kulisaidia kidogo sana kutabiri atakachofanya. Kilichoamua zaidi ni mazingira: kuna uwezekano gani wa kukamatwa, na wenzake wanafanyaje.

Kwa hiyo, Mwalimu, usitafute mtoto mwema na mtoto mbaya. Tafuta umekaa wapi wakati wa jaribio.

#6 Tukuyu_Yetu
Mzee Kibatari #5, ongeza kipande cha pili. Mwaka 1963 Roger Burton alirudia kuzipiga zile takwimu akaona kuna kamzizi ka uaminifu kanakopita katikati ya majaribio yote. Si kakubwa, lakini kapo. Wengi hunukuu ile ya 1928 wakaishia hapo, halafu wanatuambia hakuna tabia, kuna mazingira tu.

#7 Mzee_Kibatari
Sawa kabisa. Kadogo lakini kapo.

#8 Jabali_la_Rondo
Wazungu wa 1928 wanamjua mtoto wa Kilosa? Tatizo letu linajulikana. Zamani mtoto alikwenda jando, binti akachezwa unyago, akatoka akiwa mtu mzima, kila mtu akijua kuanzia leo huyu anawajibika. Siku hizi mtu ana ndevu na bado anaitwa mtoto. Utamdai maadili ya nini?

#9 Bi_Shuwena
Jabali, usiipambe sana jando. Huku kwetu kusini wanaingizwa watoto wa miaka saba, wanane, wakati wa likizo ili wawahi shule kufungua. Anarudi ametahiriwa na nyimbo anazijua, ila bado anaogopa kulala peke yake. Huo utu uzima uko wapi?

#10 Ustadh_Mtaa_wa_Pili
Assalam alaykum. Kwetu Waislamu mpaka uko wazi. Kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala hadi aamke, mtoto hadi abaleghe, na mwendawazimu hadi apate akili. Akishabaleghe anaandikiwa, thawabu na dhambi. Asipoona dalili, kwa madhehebu ya Shafi ni miaka 15 kwa kalenda ya Kiislamu. Kwa hiyo wanafunzi wa Mwalimu wengi wao wameshaanza kuandikiwa zamani.

Ninachokiona madrasa ni tofauti na mnachosema. Kijana wa umri huo anaogopa dhambi kuliko baba yake. Ila anaiogopa kwa vipande: ataacha kula mchana wa Ramadhani hata akiwa peke yake porini, halafu atamsengenya mwenzake hadi magharibi bila kuhisi kitu.

#11 Kifungu_cha_15
Nichomekee sheria hapo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hapaswi kufanya alichofanya. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo mtoto wa miaka 14 sheria inamwona anajua lipi baya, lakini kumruhusu kubeti bado. Mama wa Kimara, hiyo ni kesi nyingine.

#12 Mama_Wawili_Kimara
Wakili, huyo wa kubeti anatumia laini ya mjomba wake. Mjomba mwenyewe ni shemasi.

#13 Kidampa
😂😂 Si ndiyo nilisema bandiko #3?

#14 Mswahili_Likoni
Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko Mombasa. Hayo madesa sisi twayaita mwakenya, na tuliyapigia mbizi hasa. KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ya 2015 watahiniwa zaidi ya elfu tano walifutiwa matokeo. Mwaka uliofuata Waziri Matiang'i akaja na makontena yanayolindwa, karatasi zikawa zafunguliwa asubuhi ya mtihani, mwalimu mkuu mwenyewe akabebeshwa jukumu. Alama ya A zikaporomoka.

Sasa niulize: watoto wa 2016 walizaliwa na maadili kuliko ndugu zao wa 2015? Hapana. Kilichobadilika ni kufuli. Namuunga mkono Mzee Kibatari.

#15 Chalinze_Boy
Nasikia A zilikwisha kabisa mwaka ule, hakuna hata mmoja.

#16 Mswahili_Likoni
La, zilibaki 141 nchi nzima. Mwaka wa nyuma yake zilipita 2,600. Hao 141 mimi hadi leo nikikutana na mmoja namwamkia.

#17 Tukuyu_Yetu
Na sisi tusicheke. Matokeo ya kidato cha nne ya 2011, NECTA, Baraza la Mitihani, ilifuta ya watahiniwa zaidi ya 3,000 kwa udanganyifu. Lakini Likoni, makontena yanaonyesha nani anadanganya akipata nafasi. Mwalimu aliuliza kitu kingine: kwa nini anayedanganya *hajihesabu* kuwa mdanganyifu? Kufuli halijibu hilo.

#18 Dogo_wa_F4
Wakubwa shikamooni.

Mimi niko kidato cha nne, bweni. Nimesoma wote, na nyie mnaongea kuhusu sisi kama mifugo hivi.

Iko hivi. Bweni kuna sheria zetu. Ukivunja tranka la mtu ukala mkate wake, wewe ni mwizi, utatengwa mpaka umalize shule. Ukikopa sabuni usirudishe, unajulikana. Ukimpeleka mtu kwa mwalimu wa nidhamu, wewe mnoko, hapo huna rafiki tena. Lakini kudesa jaribio la Alhamisi, umemwibia nani? Mwalimu mwenyewe hajaingia darasani tangu mwezi wa tatu, katutumia kiranja na daftari lake tukanakili ubaoni. Halafu anakuja kutupima alichotufundisha. Kipi?

Mimi ni mtu mwema. Naomba msibishe.

#19 Chalinze_Boy
Dogo, simu bwenini umeipata wapi?

#20 Dogo_wa_F4
Nipo nyumbani, likizo. Na hata ningekuwa bwenini nisingekuambia.

#21 Mzee_Kibatari
Dogo kaandika vizuri kuliko tulivyoandika sisi. Ila bila kujua amepita njia iliyokwisha chorwa. Mwaka 1957 Gresham Sykes na David Matza, wanasosholojia wa Marekani, waliandika kuhusu vijana wahalifu. Watu walidhani vijana hao wana maadili yao kinyume na ya jamii. Wao wakasema hapana, wanajua vizuri jema na baya, ila wana njia tano za kujitoa: si kosa langu, hakuna aliyeumia, aliyeumia alistahili, nyie mnaonihukumu ni wabaya kuliko mimi, na nilifanya kwa ajili ya wenzangu.

Sasa rudini #18 mhesabu. "Umemwibia nani" ni ya pili. Mwalimu mtoro ni ya nne. Mnoko hana rafiki ni ya tano.

#22 Dogo_wa_F4
Mzee, kwa heshima yako yote. Kama mwalimu kweli haingii darasani, hicho ni kisingizio au ni ukweli?

#23 Kidampa
Mzee kapigwa chenga ya mwili hapo 😂

#24 Mzee_Kibatari
Vyote viwili vinaweza kuwa mle mle, mjukuu wangu. Kisingizio kizuri huwa kimetengenezwa kwa ukweli.

#25 Sista_Malezi
Nilikuwa mwalimu wa malezi miaka mingi, nichangie. Kuna mtaalamu Lawrence Kohlberg, mwaka 1958 aliwahoji wavulana wa Chicago kwa visa vya kufikirika, kile cha mume anayeiba dawa ili mkewe asife ndicho kinachojulikana zaidi. Akapanga ngazi: mtoto mdogo anaogopa fimbo, kisha anaangalia faida yake, kijana anataka aonekane mzuri kwa watu wake wa karibu, baadaye ndipo sheria na mpangilio wa jamii, na juu kabisa misingi ya haki. Wanafunzi wa Mwalimu wako ngazi ya tatu: mama na rafiki. Ni umri tu, watapanda.

#26 Bi_Shuwena
Sista, hao walikuwa wavulana watupu, wasichana hakuwahoji. Mwanasaikolojia Carol Gilligan ndiye aliyekuja kumshukia mwaka 1982, akasema kumjali mtu si ngazi ya chini, ni njia nyingine ya kuwa mwadilifu.

#27 Tukuyu_Yetu
Na lipo la karibu zaidi na sisi. Miaka ya 1970 Carolyn Edwards alipeleka maswali ya Kohlberg Kenya. Akahoji wanafunzi wa chuo kikuu na pia wazee wa vijijini, wale ambao majirani wanawaendea kusuluhisha ugomvi. Wazee wakaangukia zaidi ile ngazi ya tatu, ya kuangalia undugu na makubaliano, na wasomi wakapata za juu. Yaani mwamuzi wa kijiji kizima anapewa alama sawa na kidato cha pili! Edwards mwenyewe aliona kasoro ipo kwenye kipimo: ngazi ya nne inawafaa watu wanaoishi chini ya mahakama na urasimu. Pale mnapojuana wote, ile ya tatu inafanya kazi yote.

Kwa hiyo Sista, "watapanda" kwenda wapi?

#28 Jabali_la_Rondo
Tukuyu leo umenifurahisha. Ndiyo nilichokuwa nataka kusema, ila mimi sina hayo majina ya Kizungu.

#29 Sista_Malezi
Wapande hadi mahali ambapo mtu usiyemjua naye ni mtu. Mama na rafiki ni rahisi. Dogo hawezi kuniambia mkate wa mtu wa bweni la pili ana uchungu nao sawasawa.

#30 Fundi_Simu_Mbagala
Kwa hilo la mtu usiyemjua nina kisa. Dogo wa jirani yangu, miaka 16, alikosewa muamala, ikaingia kwenye simu yake laki moja na themanini. Yule mama akapiga analia, yuko Singida. Dogo akarudisha yote, tena gharama ya kutuma akakopa kwangu. Siku ya pili mangi wa dukani kaja kumshtaki kwa baba yake: kakopa soda na chipsi miezi miwili hataki kulipa, akimwona anazungukia uchochoroni.

Mtu wa Singida hatamwona maisha yake yote. Mangi anamwona kila siku. Sista, nieleze hapo ngazi zimeendaje.

#31 Kidampa
Mama alilia kwenye simu, mangi hakulia. Basi.

#32 Ustadh_Mtaa_wa_Pili
Kidampa umetania lakini pana kitu. Kijana akiona uso wa mwenye kudhulumiwa, au akisikia sauti, moyo unamlainika. Shule, serikali, kampuni ya basi, vyote havina uso.

#33 Neema_Status
Mbona mnasahau simu? Fungua status za watoto wa sekondari asubuhi. Aya ya Biblia, "asante Mungu kwa kuniamsha", picha ya kumsaidia ombaomba. Jioni uingie kwenye makundi yao uone wanavyomnyanyasa binti mmoja mpaka anahama shule. Mtu akishaposti wema, anaona amemaliza. Vijana wanaishi kama kuna kamera juu yao saa zote.

#34 Mzee_Kibatari
Hilo la kamera lilikuwepo kabla ya simu. Mwanasaikolojia David Elkind aliliandika 1967, kwamba kijana wa umri huo anahisi kuna hadhira inamtazama kila aendapo. Simu imempa hadhira ya kweli.

#35 Mganga_wa_Takwimu
Na hilo la "amemaliza" nalo limefanyiwa utafiti. Benoît Monin na Dale Miller mwaka 2001 walionyesha kwamba mtu akishapata nafasi ya kuonyesha hana ubaguzi, baadaye anakuwa mwepesi kufanya uamuzi unaonuka ubaguzi. Ni kama amejaza akiba, sasa anatoa. Na kuna ule wa kusaini tamko la uaminifu juu ya fomu badala ya chini, watu wanakuwa wakweli zaidi. Mwalimu ajaribu: waandike kiapo juu ya karatasi ya jaribio.

#36 Tukuyu_Yetu
Mganga, huo wa kusaini juu usimpe Mwalimu. Ulitoka 2012, ukaja kuondolewa rasmi na jarida lililouchapisha mwaka 2021 baada ya data kugundulika kuwa zimechezewa. Utafiti kuhusu uaminifu!

#37 Kidampa
Yaani waliodesa utafiti wa kudesa 😂😂😂 Nafunga duka leo.

#38 Dogo_wa_F4
Naomba #36 ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule yetu.

#39 Jabali_la_Rondo
Haya yote dawa yake fimbo.

#40 Kifungu_cha_15
Fimbo ina kanuni zake, Jabali. Kwa kanuni za 2002, viboko visizidi vinne, na mchapaji ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Wanaofuata ni wachache.

#41 Mswahili_Likoni
Kwetu fimbo ilipigwa marufuku 2001. Na 2015 ikawa ndiyo ile niliyowaambia. Sasa Jabali atasema umeona, na mwingine atasema mbona Tanzania mnachapa na bado mnafutiwa. Tuiache.

#42 Binti_wa_Ilala
Nimesoma hadi hapa, wanaume mmeongelea mkate, mangi na mtihani. Niongezee upande wangu, nina miaka 17.

Msichana haulizwi kama anadesa. Haulizwi hata kama ni mkarimu. Msichana mwema ni yule asiyeonekana na mvulana. Basi. Niliwahi kuona rafiki yangu, mtu aliyekuwa akibaki jioni kuwafundisha wenzake hesabu bure, anayeshika pochi za wenzake wote kwa sababu anaaminika, akapata ujauzito. Kwa siku moja akawa "mbaya". Yule kijana alibaki kuwa kiranja. Tangazo la Novemba 2021 liliruhusu waliojifungua warudi shuleni, na yeye alirudi, mwaka mmoja nyuma yetu. Lakini hakuna aliyempa tena pochi yake amshikie.

Ukimpa huyo karatasi ya Mwalimu ataandika nini? Nadhani ndiye aliyeandika "nyumbani hawajui".

#43 Mama_Wawili_Kimara
Binti, hapo umenigusa. Nina msichana anayefuata.

#44 Bi_Shuwena
Na unyago ninaoutetea mimi ulikuwa na kosa hilihili. Tulifundishwa heshima, usafi, kuvumilia. Kushika pochi ya mtu hatukufundishwa kwamba ni wema.

#45 Jabali_la_Rondo
Sasa wewe unautetea au unaupinga?

#46 Bi_Shuwena
Vyote. Nimechezwa, nina haki.

#47 Sista_Malezi
Alichosema Binti kinanikumbusha hoja ya mwanasaikolojia Augusto Blasi. Anasema kujua jema hakutoshi, swali ni kama wema uko katikati ya jinsi mtu anavyojitambua au uko pembeni. Mmoja akidanganya anahisi "nimekosea". Mwingine anahisi "huyu si mimi". Huyo wa pili ndiye atakayeacha hata pasipo na msimamizi. Na ujanani ndipo wengi wanaanza kujipanga hivyo. Mwalimu, badilisha swali lako. Usiulize "u mwema?" Uliza, "Ni kitu gani ukikifanya utaona si wewe tena?"

#48 MwalimuWaZamu
Samahani wakuu, huku mtandao ni wa kupanda kilimani. Asanteni sana, nimesoma yote. Dogo, mimi darasani naingia, usinichanganye na huyo wako.

Sista, swali lako nimewapa leo, kidato cha tatu walewale. Majibu: kumpiga mama au bibi (haya yamejaa), kumsaliti rafiki, kumkana ndugu mbele ya watu kwa sababu ni maskini, kumcheka mtu analia. Mmoja kaandika "kuua ng'ombe wa mtu kwa hasira", hapa tuna wafugaji na wakulima, ninaelewa ametoka wapi. Kudesa, hakuna hata mmoja. Uongo kwa mwalimu, hakuna.

#49 Tukuyu_Yetu
"Kumkana ndugu mbele ya watu kwa sababu ni maskini." Mtoto huyo amenizidi.

#50 Mganga_wa_Takwimu
Mwalimu, kumbuka wanajua wewe ndiye msomaji. Wanaandika kile kinachopendeza kusomwa. Ungetaka ukweli ungewapa mtu wasiyemjua akakusanye.

#51 Mzee_Kibatari
Wangekuwa wanataka kumfurahisha mwalimu, si wangeandika kudesa?

#52 MwalimuWaZamu
Mzee amejibu. Lakini wakuu, kuna jambo sikulisema mwanzo, na ndilo hasa limeniamsha kuandika.

Katika zile karatasi za kwanza, mmoja ameandika kwamba wema wake ni huu: anamjua aliyechukua betri ya sola ya maabara, na hajamtaja mpaka leo, ingawa darasa zima lilifagia kiwanja wiki nzima kwa adhabu. Hati yake naijua, namsahihisha tangu kidato cha kwanza. Niliwaahidi hakuna jina na hakuna mtu mwingine atakayesoma. Leo katika mazungumzo ya chai mkuu wa shule kasikia nina karatasi hizo, anazitaka mezani kwake.

#53 Kidampa
Eeeh! Uzi umeanza sasa.

#54 Kifungu_cha_15
Hiyo ni mali ya umma, Mwalimu, na imeibwa. Una wajibu kama mtumishi. Ahadi uliyotoa darasani haikuvui wajibu huo.

#55 Dogo_wa_F4
Mwalimu ukizipeleka, hakuna mtoto atakayekuandikia kitu cha kweli tena. Na huyo dogo ndiye atakayetengwa, mwizi ataendelea kula ugali na wenzake.

#56 Mama_Wawili_Kimara
Dogo, na wale waliofagia wiki nzima bila kosa? Mmoja wao angekuwa mwanangu ningekuja hapo shuleni mwenyewe. Huyo mwandishi ana rafiki mmoja, kawaumiza arobaini.

#57 Sista_Malezi
Muite pembeni. Mwambie umeijua hati. Mpe yeye nafasi ya kwenda kumwambia rafiki yake airudishe usiku.

#58 Mganga_wa_Takwimu
Akimwambia ameijua hati, ahadi ya "hakuna jina" imeshavunjika, Sista. Tofauti na kuzipeleka ni ipi?

#59 Jabali_la_Rondo
Choma karatasi. Mwambie mkuu mchwa wamekula.

#60 Ustadh_Mtaa_wa_Pili
Yaani Mwalimu wa maadili adanganye ili asisaliti ahadi. Jabali, hiyo ni ya ngapi kwenye zile tano za Mzee?

#61 Mzee_Kibatari
Ya tano, Ustadh. Na ya nne akiongeza kwamba mkuu mwenyewe ana yake.

#62 Binti_wa_Ilala
Mwalimu, kabla ya yote: una hakika ni mwanafunzi aliyechukua? Betri ya sola ni nzito, na funguo za maabara shule nyingi anazo nani?

#63 MwalimuWaZamu
Binti... funguo ziko mbili. Moja ninayo mimi. Nitarudi.

#64 Chalinze_Boy
Mwalimu usiondoke kwanza, hiyo betri ni ya ukubwa gani? Kuna jamaa hapa gereji anauza moja, ina kibandiko cha maabara kimekwanguliwa nusu.